Baada ya upasuaji wa utumbo: Kwa nini mgonjwa anywe chumvi kabla ya maji?

Ijumaa ya leo tumekusudia kulizungumzia jambo ambalo familia nyingi hulikuta ghafla, bila ya kutayarishwa. Mgonjwa amerudi nyumbani kutoka hospitali akiwa amekatwa sehemu ya utumbo. Jeraha linapona vizuri, nyuzi zimetolewa, majirani wamekuja kutoa pole na kushukuru. Lakini mwili wake unanyauka siku hata siku, ilhali anakunywa maji kuliko mtu mwingine yeyote katika nyumba ile.

Tuchukue mfano, nao ni mfano tu, hatumkusudii mtu maalumu. Kijana wa miaka kumi na minane wa Bugarama alishikwa na homa ya matumbo. Akakaa nayo wiki mbili akimeza vidonge vya kununua dukani, mpaka usiku mmoja tumbo likakaza kama ubao. Akakimbizwa Mwanza, akapasuliwa. Kipande cha mwisho cha utumbo mwembamba kilikuwa kimetoboka, kikakatwa na kuondolewa, na ncha ya utumbo uliosalia ikatolewa nje kupitia ukuta wa tumbo, upande wa kulia, ikavishwa mfuko wa kupokea uchafu. Baada ya siku kadhaa akaruhusiwa kurudi kwao. Mama yake, kama mama yeyote mwenye huruma, akaweka jagi la maji yaliyochemshwa kando ya kitanda, akamwambia: "Kunywa, mwanangu, kunywa." Kijana akanywa. Mfuko ukajaa. Akaumwaga, kiu ikazidi, akanywa tena. Baada ya wiki moja akawa hawezi kusimama bila ya kuona giza, misuli ya miguu inamkaza usiku, na mkojo wake umekuwa haba, wenye rangi ya chai kavu.

Mama yule hakufanya uzembe. Alifanya lile ambalo kila mmoja wetu angelifanya. Tatizo ni kwamba kiu ya mgonjwa wa namna hii inadai maji, na utumbo wake unadai chumvi. Naye asiyeijua tofauti hiyo huweza kumdhoofisha mgonjwa wake kwa mkono ule ule anaomnyweshea.

Bugarama, kwa wasioifahamu, ni kata iliyomo katika Halmashauri ya Msalala, mkoani Shinyanga, jirani na mgodi wa Bulyanhulu ulioanza uzalishaji mwaka 2001. Ni nchi ya dhahabu, na ukanda huo huo unaendelea kaskazini hadi Geita. Watu wengi huja kutafuta riziki, wakajenga haraka, wakachimba visima haraka, na vyoo navyo wakavichimba haraka. Maji ya Ziwa Viktoria yalifika Kahama na Shinyanga kwa bomba mwaka 2009, nayo ni neema kubwa, lakini homa ya matumbo hukaa popote ambapo maji ya kunywa na uchafu wa chooni hukutana, na katika makazi ya machimboni mikutano hiyo haikosekani.

Kuhusu ukubwa wa tatizo, madaktari wa Hospitali ya Rufaa ya Bugando, Mwanza, waliwahi kuchapisha taarifa ya wagonjwa 104 waliotobolewa utumbo na homa hiyo na kufanyiwa upasuaji hospitalini hapo kati ya mwaka 2006 na 2011. Wengi wao walikuwa vijana. Takriban mmoja katika kila wanne alifariki dunia. Wengi walishonwa tundu tu, bila ya kukatwa utumbo; lakini wapo waliokatwa, na hao ndio tunaowazungumzia leo, pamoja na wale wanaokatwa kwa sababu nyingine kama utumbo uliojisokota, saratani, au jeraha la ajali.

Vimelea vya homa ya matumbo vina tabia ya kuvamia uvimbe mdogo mdogo wa kinga uliopo katika ukuta wa utumbo mwembamba, na uvimbe huo umejaa zaidi katika sehemu yake ya mwisho, karibu na pale utumbo mwembamba unapoungana na utumbo mpana. Kwa hiyo tundu hutokea hapo, na kisu cha daktari hukata hapo. Na hapo ndipo mahali ambapo utumbo mwembamba hufanya kazi yake nzuri kuliko zote ya kuikamata chumvi.

Ili tulielewe hili, yatupasa kwanza kujua mzigo ambao utumbo hubeba kila siku. Mtu mzima hunywa, pamoja na maji yaliyomo katika chakula, kiasi cha lita mbili. Lakini juu ya hizo, mwili wenyewe humwaga ndani ya tumbo takriban lita saba nyingine: mate, maji ya tumbo, nyongo, maji ya kongosho na maji ya utumbo wenyewe. Jumla hukaribia lita tisa, na maji yote hayo yana chumvi. Utumbo mwembamba huyarudisha mwilini mengi yake, ukaacha lita moja au moja na nusu ipite kwenda kwenye utumbo mpana. Nao utumbo mpana huifyonza hiyo, hata kinachotoka chooni kisizidi robo lita, tena kikiwa na chumvi isiyofika nusu gramu. Lita tisa zimeingia, robo lita imetoka! Mwenye akili na atazame.

Wasomaji wetu wa machimboni wataufahamu utaratibu huu kwa haraka kuliko watu wa mjini. Pale mwaloni, udongo uliosagwa kwenye karasha huoshwa kwa maji juu ya mbao zilizoinamishwa, zilizotandikwa magunia. Maji hushuka, dhahabu hunaswa katika nyuzi za gunia. Inayokosa kunaswa juu hunaswa katikati, na ile punje ya mwisho hunaswa na gunia la chini kabisa. Sasa mwondolee mchimbaji gunia lile la mwisho. Maji yatashuka kama kawaida, kazi itaonekana inaendelea, lakini mali yake itakwenda kwenye marudio. Utumbo wa ndani nao una nyuzi zake: umejaa vijidole vidogo visivyoonekana kwa jicho, mamilioni kwa mamilioni, ambavyo huupanua uso wake na kukamata kila kinachopita.

Mfano wetu, hata hivyo, una kasoro moja. Gunia hukamata na kutulia. Utumbo hukamata kwa kufanya kazi na kutumia nguvu. Katika kila seli ya ukuta wake mna pampu inayoitoa sodiamu, ambayo ndiyo roho ya chumvi, na kuisukuma upande wa damu. Pampu hiyo ilitambuliwa na Jens Skou wa Denmark mwaka 1957, naye akapata Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo miaka arobaini baadaye. Seli ikishaitoa sodiamu yake, hubaki na njaa nayo, ikawa inaivuta kutoka kwenye maji yaliyomo tumboni kupitia milango maalumu. Maji hayana pampu yake. Maji hufuata chumvi. Chumvi ikivuka ukuta, maji huvuka nyuma yake; chumvi ikibaki, maji hubaki.

Na milango hiyo si ya namna moja. Katika sehemu ya juu ya utumbo mwembamba, mlango mkubwa hufunguka kwa funguo mbili kwa pamoja: sodiamu na sukari aina ya glukosi. Moja peke yake haitoshi. Robert Crane ndiye aliyelieleza jambo hili mbele ya wanasayansi wenzake mjini Prague mwaka 1960. Katika sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba, sodiamu huweza kuingia bila ya kuisubiri sukari. Na katika utumbo mpana kuna mlango mwembamba zaidi, unaotii amri ya homoni iitwayo aldosteroni, ambao huweza kuivuta sodiamu hata inapokuwa kidogo sana.

Tofauti nyingine iko katika ukuta wenyewe. Ukuta wa juu ni kama boma la miti lililofungwa kwa fito: ng'ombe hawapiti, lakini kuku hupenya huku na huko. Chumvi na maji huweza kurudi tumboni kupitia nafasi zilizopo baina ya seli. Ukuta wa sehemu ya mwisho umebana zaidi. Ukuta wa utumbo mpana umebana kuliko yote, kama nyumba ya matofali iliyopigwa lipu.

Sasa turudi kwa kijana wetu na jagi lake. Anapokunywa maji matupu, nayo yakashuka hadi sehemu ile ya juu yenye ukuta uliolegea, maji yale hayana chumvi, ilhali damu iliyo upande wa pili imejaa chumvi. Kwa kuwa nafasi zipo, chumvi hutoka katika damu na kuingia tumboni, mpaka maji yaliyomo tumboni yafikie kiasi cha milimoli 90 hadi 100 za sodiamu katika kila lita, kwa kipimo cha maabara. Kwa mtu mzima wa afya hilo si hasara, kwa kuwa sehemu za chini zitaikamata chumvi ile na kuirudisha. Lakini kwa huyu, sehemu ya chini imekatwa au imewekwa kando. Maji yaliyochukua chumvi yake yanaishia mfukoni. Basi kila bilauri ya maji matupu huondoka na sehemu ya chumvi ya mwili, na chumvi ikipungua, mwili hushindwa kuyashika hata maji uliyonayo. Chai na soda hufanya vivyo hivyo. Juisi yenye sukari nyingi huongeza balaa, kwani utamu uliozidi huyavuta maji kutoka mwilini kuja tumboni. Hatari hii huwa kubwa zaidi utumbo uliosalia unapokuwa mfupi, na katika wiki za mwanzo baada ya upasuaji.

Dawa yake imo katika zile funguo mbili. Mwaka 1968, mjini Dhaka, madaktari David Nalin na Richard Cash waliwanywesha wagonjwa wa kipindupindu maji yenye chumvi na glukosi kwa vipimo maalumu, wakaona kwamba utumbo unaovuja namna ile bado una uwezo wa kunywa ukipewa funguo zote mbili kwa pamoja. Mwaka 1971 vita vya Bangladesh viliwasukuma wakimbizi kwa mamilioni kuingia India, kipindupindu kikalipuka katika kambi ya Bangaon, na chupa za kutundika zikaisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaamrisha chumvi na glukosi zipimwe, zifungwe katika pakiti, zichanganywe na maji na kunyweshwa wagonjwa na jamaa zao wenyewe. Vifo vilivyokuwa vikikaribia theluthi ya wagonjwa vikashuka hadi watatu hivi katika kila mia. Mwaka 1978 jarida la tiba la Lancet liliandika kuwa huenda huo ndio ugunduzi mkubwa kuliko wote wa tiba katika karne ile. Pakiti hiyo ndiyo ORS tunayoijua sote, ambayo wengi wetu huidharau kwa sababu bei yake ni ndogo.

Hapa pana jambo la kuangaliwa. ORS iliyopo madukani leo hufuata vipimo vilivyorekebishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2002: katika lita moja mna gramu 2.6 za chumvi na gramu 13.5 za glukosi, pamoja na madini mengine, na sodiamu yake ni milimoli 75. Vipimo hivyo vinawafaa sana watoto wanaoharisha. Mgonjwa wa utumbo uliokatwa, ambaye mfuko wake hujaa mno, huhitaji chumvi zaidi ya hiyo, milimoli 90 au kupita kidogo. Kwa ajili yake hospitali nyingi duniani hutumia mchanganyiko wa gramu 20 za glukosi, gramu 3.5 za chumvi na gramu 2.5 za magadi ya kuokea, yaani baikabonati ya soda, katika lita moja ya maji safi. Tunawasihi wasomaji wasiupime mchanganyiko huu kwa macho. Mwombeni daktari au muuguzi awaonyeshe kwa kijiko mtakachokitumia nyumbani, kwa maana chumvi ikizidi mno nayo hudhuru. Na kamwe mtoto anayeharisha asipewe mchanganyiko huu mkali; yeye apewe ORS ya kawaida kama pakiti inavyoelekeza.

Hadi hapa tumesema habari za upungufu. Lakini utumbo haukai bure ukisubiri kuhurumiwa. Utumbo hujifunza.

Katika siku za mwanzo, kinachotoka katika tundu la namna ile huweza kufika lita moja na nusu kwa siku, na wakati mwingine zaidi. Wiki zinapokwenda hupungua, na baada ya miezi miwili au mitatu kwa wagonjwa wengi hutulia kati ya nusu lita na robo tatu ya lita. Wasomaji watakumbuka kuwa utumbo mwembamba mzima hupitisha lita moja au zaidi kwenda kwenye utumbo mpana. Maana yake ni kwamba utumbo uliokatwa umefikia mahali unafyonza kwa bidii kuliko ulivyokuwa ukifyonza ulipokuwa mzima. Vipi?

Mwalimu wa kwanza ni upungufu wenyewe. Chumvi inapopungua mwilini, figo hutambua, na tezi zilizo juu ya figo hutoa aldosteroni kwa wingi. Homoni hii ilitambuliwa mjini London mwaka 1953 na Sylvia Simpson na James Tait. Huziamrisha figo zisiachie chumvi kwenda kwenye mkojo, na huuamrisha utumbo mpana, kama upo, uongeze milango yake. Utumbo mwembamba nao huitikia, ingawa kwa kiasi kidogo. Mwalimu wa pili ni chakula. Chakula kinapoifikia sehemu ya chini ya utumbo, seli za huko hutoa mjumbe mwingine, ambaye Daniel Drucker na wenzake wa Toronto walionyesha mwaka 1996 kuwa huwafanya vijidole vile vya utumbo warefuke na kuzidi. Nyuzi za gunia hukua! Utumbo hupanuka kidogo, mwendo wa chakula hupungua kasi, na chumvi hupata muda mrefu zaidi wa kunaswa. Kazi hii huendelea mwaka mmoja hadi miwili.

Kutokana na hayo tunafahamu kwa nini si sawa kumnyima mgonjwa chakula kwa kuogopa mfuko kujaa. Wako wanaofanya hivyo, tena kwa nia njema. Utumbo usiopitiwa na chakula husinyaa, na vijidole vyake hufupika. Mgonjwa na ale, kidogo kidogo na mara nyingi.

Hata hivyo elimu hii ya utumbo ina mipaka. Sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba hujifunza vizuri; sehemu ya juu, yenye ukuta wa fito, hujifunza kwa shida. Mtu aliyebakiwa na chini ya mita moja ya utumbo mwembamba, bila ya utumbo mpana, kwa kawaida hataweza kuishi bila ya kutundikiwa maji ya chumvi, hata akila na kunywa namna gani. Mwenye kipande kama hicho kilichounganishwa na utumbo mpana huweza kuishi kwa chakula cha kawaida. Ndiyo maana daktari mpasuaji huona uchungu kuukata utumbo mpana kama kuna njia nyingine, na ndiyo maana familia inapaswa kuuliza swali hili kabla ya kuondoka wodini: umekatwa urefu gani, umebaki urefu gani, na utumbo mpana upo? Jibu liandikwe katika cheti.

Aidha, kutulia kwa mfuko si sawa na kupona kabisa. Mwaka 1967 Lancet ilichapisha uchunguzi wa watu waliokuwa wamekaa na matundu ya namna hii kwa muda mrefu, wakitembea na kufanya kazi zao. Wakaonekana kuwa miili yao ina upungufu wa kudumu wa maji na chumvi ambao wao wenyewe hawakuujua. Mtu huyu hupoteza kiasi cha gramu tatu au nne za chumvi mfukoni kila siku, jana, leo na kesho. Akifanya kazi katika joto, jasho humwongezea hasara nyingine, kwani lita moja ya jasho huchukua gramu moja hadi tatu za chumvi, pengine zaidi. Kijana wa Bugarama anayetaka kurudi duarani na aizingatie hesabu hii kabla hajashika nyundo. Kwetu sisi tunaona asirudi hadi daktari wake amruhusu kwa maneno yaliyo wazi.

Nyumbani, basi, mambo huwa hivi. Mchanganyiko wa chumvi na glukosi hutengenezwa asubuhi na kunywewa kwa mafunda madogo mchana kutwa, na kinachobaki hadi kesho yake humwagwa. Ambaye mfuko wake umezidi lita moja na nusu hupunguziwa maji matupu, chai na juisi, vyote kwa pamoja, hadi nusu lita au lita moja kwa siku kama daktari atakavyosema, na mahali pake hushikwa na mchanganyiko ule. Ni vigumu kumnyima maji mtu mwenye kiu, tunalijua hilo. Lakini kiu yenyewe hupungua chumvi inaporudi, mara nyingi ndani ya siku moja au mbili. Chumvi huongezwa katika ugali wake na mchuzi wake, na kipande cha kayabo kilichopikwa kikalainika humfaa kuliko soda. Wali, ndizi na ugali laini hukifanya kinachotoka kiwe kizito. Michembe na vyakula vingine vigumu viachwe katika wiki za mwanzo, visije vikaziba tundu. Dawa za kupunguza mwendo wa utumbo zipo, lakini ni za kuandikiwa.

Wazee wa Unyamwezi na Usukuma waliithamini chumvi. Ile ya Uvinza, inayochemshwa kutoka chemchemi za maji ya chumvi kwa zaidi ya miaka elfu moja, ilibebwa mabegani kwa majuma mengi katika njia zile zile za misafara ambazo Uislamu nao ulipitia kuja Tabora na Ujiji. Siku hizi tunaambiwa tuipunguze, watu wazima wasizidishe gramu tano kwa siku, nalo ni agizo sahihi kwa sisi tulio na matumbo mazima. Wanaokula sinia moja na mgonjwa wasiongezewe chumvi kwa sababu yake. Chumvi yake iwe pembeni, katika kibakuli chake.

Linabaki suala la saumu, ambalo tunajua ndilo linalowatia wengi uzito moyoni. Mgonjwa amepona jeraha, Ramadhani imeingia, na anaona haya kula mchana mbele ya wadogo zake. Katika nchi yetu saumu huchukua takriban saa kumi na tatu. Kwa mwenye tundu la utumbo mwembamba, hizo ni saa kumi na tatu za kupoteza chumvi bila ya kurudisha hata chembe, kisha hufuturu kwa bilauri za juisi na maji, na tumeshaona yanavyofanya. Baadhi ya watu hawa huishia hospitali figo zikiwa zimeathirika. Qur'ani Tukufu katika Suratul Baqara, aya ya 184 na ya 185, imempa mgonjwa ruhusa ya kufungua na kulipa siku nyingine, na asiyetarajia kupona ana fidia ya kulisha maskini. Mwenye tundu la utumbo mpana hali yake ni nyepesi zaidi, na wengi wao hufunga bila ya tabu baada ya kuruhusiwa na daktari. Ama kuhusu twahara na sala, mwenye kutokwa na uchafu asioweza kuuzuia ana hukumu ya mwenye udhuru: humwaga na kusafisha, hutawadha baada ya wakati wa sala kuingia, kisha husali. Ufafanuzi wa hali yake aupate kwa sheikh wa msikiti wake, na amweleze bila ya kuona haya.

Safari ya kurudi kliniki Mwanza nayo ihesabiwe. Ingawa daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa mwaka 2025 limeondoa foleni ya kivuko, bado ni saa kadhaa za joto ndani ya basi. Chupa ya mchanganyiko iwemo katika mkoba, na mifuko ya akiba pia. Kama mgonjwa anatokwa na zaidi ya lita mbili kwa siku, au hakojoi kwa nusu siku, au anaanguka anaposimama, asisubiri tarehe ya kliniki. Aende kituo cha afya kilicho karibu akatundikiwe maji ya chumvi siku hiyo hiyo. Na akifika kwa daktari, aombe kupimwa sodiamu ya mkojo. Ni kipimo rahisi: ikiwa chini ya milimoli 20, figo zinaibana chumvi kwa nguvu zote, na mwili una upungufu hata kama mgonjwa mwenyewe anasema hajambo. Aliyekatwa ile sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba aulize pia kuhusu vitamini B12, kwa sababu hufyonzwa hapo tu, na akiba yake huisha polepole baada ya miaka.

Kijana wa mfano wetu, kama tundu lake ni la muda, huenda akarudishwa chumba cha upasuaji baada ya miezi mitatu au zaidi ili ncha zake ziunganishwe. Hapo utumbo mpana, uliokaa muda wote huo bila ya kazi, utaanza tena kupokea maji na chumvi. Katika wiki za kwanza atakwenda chooni mara nyingi, pengine mara nane kwa siku, na mama yake asishtuke. Mchanganyiko uendelee, chakula kiendelee. Safari za chooni zitapungua kwa kadiri milango ya utumbo mpana inavyofunguka, na daktari atakapomwona mkojo wake umekuwa mwingi na mweupe, na kipimo cha sodiamu kimepanda, ndipo watazungumza juu ya siku zake za Ramadhani anazodaiwa, aanze kuzilipa lini, na ngapi kwa wiki.